Ukuta wa Kanisa na Maji ya Jirani

Kwa miaka minne nilikuwa mtu wa mafundisho madogo. Kila Jumapili, kabla mchungaji hajasimama, nilipewa dakika tano niseme kile ambacho Mungu amenionyesha wiki hiyo katika mambo ya kawaida. Mimi ni fundi cherehani. Nilikimbia vita mashariki ya Kongo nikaishia Katwe, mtaa wa Kampala, kwa hiyo mambo yangu ya kawaida ni uzi, sindano, mkaa, na kelele za mafundi chuma wanaogonga mabati tangu asubuhi. Nilisema sindano hutoboa kitambaa kabla ya kukiunga. Nilisema pasi isiyotiwa moto hainyooshi kitu. Watu waliitika amina, wengine waliandika kwenye madaftari yao, nami nilirudi kitini nikijiona nina jicho ambalo wenzangu hawana.

Nasimulia haya nikiwa bado na hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Kanisa letu liko kwenye mteremko, juu kidogo ya nyumba tunazoishi. Ibada ni ya Kiswahili. Wengi wetu ni Wakongo, wako Wakenya wachache, na familia za askari kutoka kaskazini ya Uganda ambao Kiswahili wamekipata kambini. Zamani uwanja wa kanisa ulikuwa wazi. Mvua ikinyesha, maji yalishuka kwenye mtaro wa kando mpaka kwenye mfereji mkubwa wa bondeni. Kisha wezi wakaiba vipaza sauti, ikaamuliwa ujengwe ukuta. Tulihubiriwa ukuta huo miezi mingi. Wanawake tulibeba matofali vichwani baada ya ibada. Mimi nilibeba, na kama kawaida yangu nikapata somo, kwamba kila tofali ni muumini na saruji ni upendo. Watu walilipenda sana somo hilo.

Mlango wa tatu kutoka kwangu, pale njia inapozama kabisa, anaishi mjane wa askari. Ni mama wa kaskazini, mrefu, mwenye kusema maneno machache. Yeye hasali kwetu. Ni Mkatoliki, na kila Jumapili hupanda kwa miguu hadi kanisani Nsambya. Siku nyingine huuza karanga za kukaanga na simsim, yaani ufuta, ya kusaga, na harufu ya kikaango chake ndiyo hunijulisha kuwa saa ya chai imefika.

Ukuta ulipokwisha, ikaja mvua ya kwanza kubwa. Ilikuwa asubuhi, siku ya Jumatano. Nilisikia watu wakiita, nikatoka na beseni. Kwa mama yule maji yalikuwa yamefika magotini, ya rangi ya chai ya maziwa, mifuko ya plastiki na kandambili za watu zikielea juu yake. Godoro lilikuwa limeshakunywa maji. Yeye nilimkuta ameketi juu ya meza, gunia la simsim mapajani, picha ya marehemu mumewe katika sare ameibana kwapani.

"Mama, umeumia?" nikamwuliza.

"Hapana. Asante Mungu, mimi iko mzima."

Tuliteka maji na majirani mpaka mchana. Na naungama hapa, kabla hata miguu yangu haijakauka, kichwani mwangu somo lilikuwa limeshaiva. Zile nyumba mbili ambazo Yesu alizisimulia, ya mwambani na ya mchangani, nilikuwa nimezikuta mtaani kwangu.

Jumapili nikasimama nikalisema. Nilisema nina jirani, mjane, anayeuza karanga. Nilisema mvua ile ile ilinyesha juu ya paa langu na juu ya paa lake, lakini maji yaliingia kwake, kwangu hayakuingia, kwa sababu ya mahali kila nyumba iliposimama. Tujiulize, nikasema, mioyo yetu imesimama wapi. Nikaongeza ile habari ya yeye kumshukuru Mungu akiwa juu ya meza, maana nilijua itawagusa. Iliwagusa. Mchungaji aliposhika kipaza sauti alisema hana haja ya kutafuta utangulizi mwingine, akahubiri saa nzima kwamba ukiona mtu kila mara anasombwa na maji, usilaumu mvua, achunguze msingi wake. Nilitikisa kichwa kukubali. Mungu anajua, nilitikisa.

Kesho yake nilikuwa nakata sare za shule mjane yule alipoingia kibandani kwangu. Hakuketi.

"Wewe nasema mimi kwa kanisa jana?"

Nikaweka mkasi chini. "Mama, nilisema kwa wema. Nilisema jinsi ulivyomshukuru Mungu."

"Nasema nyumba yangu iko kwa mchanga."

"Ni mfano tu, mama."

"Mimi hapana mfano." Sauti yake haikupanda. "Mimi nakaa kwa ile nyumba miaka ishirini na mbili. Bwana yangu nakufa pale. Mvua kubwa nanyesha, miaka yote, na maji hapana ingia. Sasa naingia. Nini nabadilika? Mimi nabadilika?"

Nikaanza kukunja sare niliyokuwa nakata.

"Kuja," akasema.

Nikamfuata kama mtoto aliyeshikwa na kosa. Tulipanda njia mpaka chini ya ukuta wa kanisa, upande wa nje. Akanionyesha kwa kidole. Upande wa mtaro wa zamani, chini kabisa ya ukuta, palikuwa na matundu matatu ya kupitishia maji, yote yamezibwa kwa saruji. Na mtaro wenyewe haukuwapo tena. Ulikuwa umefukiwa, na juu yake, ndani ya ukuta, ndipo magari ya waumini yalipoegeshwa. Kisha akatembea hatua kama kumi akanionyesha bomba. Lilikuwa limetokeza ukutani, nene, ndoo ingeweza kupita ndani yake. Maji yote ya paa la kanisa na ya uwanja yalitokea hapo. Kutoka mdomo wa bomba ukinyoosha mkono, mkono unaelekea mlangoni kwake.

Mimi nilikuwa napita chini ya bomba lile kila siku. Nilipita nikiwa natafuta mafundisho katika majani ya migomba na katika kuku wanaochakura, na bomba sikuliona. Nilisimama pale nikaona aibu, na nyuma ya aibu hasira ikaanza kupanda. Nilimwambia, "Mama, unisamehe." Akaniambia, "Mimi nasikia." Alisikia. Hakusema amesamehe.

Jioni hiyo hiyo nikaenda kwa mchungaji ofisini. Si mtu mbaya, na hilo ndilo lililozidi kunikasirisha, maana mtu mbaya ningemjulia. Alinikaribisha kiti, akaniuliza habari za kazi. Nikamweleza habari ya bomba.

"Dada, hiyo ni kazi ya mafundi," akasema. "Maji lazima yatoke mahali."

"Yanatokea mlangoni kwa mjane."

"Wale wa chini wamejenga bondeni. Kampala hii wote waliojenga bondeni wanalia."

"Mchungaji, yeye alikuwapo kabla ya sisi. Na hakuwa analia."

Akafikiri kidogo. "Kuziba matundu yale kulikuwa shauri la wazee wenyewe. Maji yalikuwa yanachafua pale pa magari, watu wanashuka na viatu vya ibada wanakanyaga tope. Nitasema na kamati ya wanawake wampelekee blanketi. Na tutamweka katika maombi."

"Haombi blanketi. Anaomba mtaro."

Hapo akaegemea mbele, akasema kwa upole, "Mungu amekupa kipawa cha kuona somo katika kila kitu. Usimpe adui nafasi akigeuze kiwe manung'uniko."

Nilitoka. Neno "manung'uniko" nimelisikia maisha yangu yote. Tulipokaa katika kambi ya wakimbizi tukiuliza chakula kimekwenda wapi, tuliambiwa tusinung'unike. Mtu akiwa na kiatu chake juu ya mguu wako hukushauri uwe mvumilivu. Nilikuwa nimesema mafundisho ya uvumilivu zaidi ya mara kumi pale mbele, na njiani nilianza kujiuliza kila moja lilimfaa nani.

Blanketi lilipelekwa kweli. Walienda akina mama wanne, wakamsimamisha mlangoni wakampiga picha amelishika, na picha ikatumwa kwenye kikundi cha kanisa cha simu. Chini yake watu waliandika amina na kuweka mikono ya kupiga makofi. Ukitazama picha hiyo kwa makini unaona, juu ya bega lake la kushoto, mdomo wa bomba.

Mvua ya pili haikuchelewa. Ilitukuta Ijumaa asubuhi katika maombi ya kufunga, ndani ya kanisa, sakafu kavu, tukiimba. Niliisikia ikianguka juu ya mabati na nikajua inakwenda wapi. Nikavua kitambaa cha maombi nikatoka mbio. Mjane yule safari hii hakupanda juu ya meza. Alikuwa mlangoni na sufuria, anateka na kumwaga, anateka na kumwaga, na kila alichomwaga kilirudi. Blanketi lilikuwa limelowa pamoja na vitu vingine. Juu yetu nyimbo zilikuwa zinaendelea. Niliteka naye maji, na nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilishindwa hata kuomba.

Jumapili nilipoitwa mbele nilikuwa nimekwisha kuamua.

"Leo sina somo," nikasema. "Wiki zilizopita niliwaambia nyumba ya jirani yangu imejengwa mchangani. Nilisema uongo mbele za Mungu na mbele yenu. Nyumba ile ilikuwa imara miaka ishirini na mbili. Sisi ndio tuliofukia mtaro, tukaziba matundu ili viatu vyetu visichafuke, tukaelekeza bomba la nyumba ya Mungu kwenye mlango wa mjane. Kisha mimi nikasimama hapa nikamfanya mfano. Matofali yale niliyabeba na mimi. Naomba leo, ibada ikiisha, tutoke wote tukaone."

Hakuna aliyeitika amina. Mama mmoja alikohoa. Mchungaji akampungia mkono kiongozi wa kwaya, kwaya ikasimama, kinanda kikaanza, na wimbo wa furaha ukamwagwa juu ya maneno yangu. Nilibaki nimesimama pale mbele mpaka ubeti wa pili. Kisha nikatoka nje.

Nyuma yangu akatoka mtu mmoja tu. Ni mzee wa kanisa, fundi wa mageti, karakana yake haiko mbali na kibanda changu. Geti la kanisa alilitengeneza yeye. Masikio yake yameharibiwa na nyundo, husema kwa sauti kubwa bila kujua.

"Bomba hilo nililiweka mimi," akasema, na nadhani walimsikia mpaka ndani. "Na matundu niliziba mimi. Waliniambia maji yatoke nje. Mimi sikuuliza nje ni kwa nani."

Kesho yake asubuhi alikuja na patasi, nyundo na koleo. Alianza na tundu la kwanza. Mlinzi wa kanisa akatoka akamwuliza nani amemruhusu. Mzee akamjibu, "Mimi ndiye niliyeziba," akaendelea kugonga. Mlinzi akapiga simu, lakini tundu la pili lilikuwa limeshafunguka. Mwenyekiti wa mtaa aliitwa. Alikuja, akatazama, akasema mbele ya kila mtu kwamba mtaro ule ulikuwa pale tangu yeye kijana na haukufukiwa kwa ruhusa yake. Baada ya hapo hakuna aliyetuzuia. Mzee aligeuza mdomo wa bomba kwa kipande cha bati zito, nami nilichimba mtaro kuanzia nje ya ukuta kuelekea mfereji wa bondeni. Mjane wa askari alitutazama kwa muda, akaingia ndani, akatoka na jembe. Alichimba vizuri kuliko mimi. Siku mbili zilitutosha.

Tulilipia. Mzee aliondolewa katika baraza la wazee kwa kosa la kuharibu mali ya kanisa. Mimi nilitangaziwa kwamba "nimepumzishwa," na dakika tano akapewa binti mmoja wa chuo anayekaa hosteli Wandegeya. Anasema vizuri, sina neno naye. Mchungaji alihubiri Jumapili tatu mfululizo juu ya utii kwa viongozi. Hajashuka hata mara moja kuuona mtaro, na mwendo wenyewe haufiki dakika mbili. Pale pa magari pana tope sasa, na nimewasikia dada zangu katika Kristo, wale wale walioandika amina chini ya picha ya blanketi, wakilalamika viatu vyao vimeharibika. Hao hakuna anayewaambia wananung'unika.

Bado nasali pale. Wengine wameniuliza kwa nini. Nawaambia ukuta ule niliubeba kichwani, siwezi kuwaachia wao peke yao. Ila nimeacha kuokota masomo kwa watu. Nikimwona mtu katika shida sasa, kwanza natafuta maji yanatoka wapi.

Mvua kubwa imenyesha mara nyingi tangu hapo, na kwa mjane yule maji hayakuingia. Mimi na yeye husalimiana, lakini miezi mingi hakukanyaga kibandani kwangu. Kisha siku moja akaja na gomesi yake ya kanisani, lile gauni refu la mabega ya kusimama, mshono wa begani umeachia, akasema anaihitaji kwa ibada ya kumkumbuka mumewe kule Nsambya. Nikaweka kando kazi za watu wengine. Nilitaka kumwuliza kama yale mambo yamekwisha kati yetu, nikafungua mdomo, akaniwahi.

"Shona," akasema. "Mimi nangoja."

Akaketi kwenye benchi, akaweka sinia la karanga alilokuja nalo mapajani, akaanza kuzipepeta.