Magugu ya Zinga

Jumamosi iliyopita nilikuwa Zinga, ambako wanachuo kutoka Dar es Salaam walikuja kujitolea kupalilia shamba la muhogo la kijiji. Walipalilia kwa ari, na kila jani lisilo la muhogo wakalitupa pembeni. Nyuma yao bibi mmoja aliinama akiyaokota majani yale na kuyatia kwenye ungo.

"Shikamoo bibi. Usijisumbue, magugu hayo tutayachoma," alisema msichana mwenye jembe jipya.

"Marahaba, mjukuu wangu. Endeleeni na kazi."

Adhuhuri tukaletewa ugali na mboga ya mchunga wa nazi. Yule msichana akamaliza, akalamba vidole, akasogeza bakuli aongezewe. "Bibi, mboga hii mmeipanda wapi?"

Bibi alimpakulia kwanza. "Haipandwi. Mmeing'oa asubuhi, pamoja na ya wiki ijayo."

Alasiri kazi ilikwenda polepole, maana kila jani liliinuliwa juu kwanza: "Bibi, na hili?" Shamba halikuisha.

Mimi ninayewaandikia habari za kilimo miaka yote hii sina la kuwacheka. Daftari langu la asubuhi ile limeandikwa "magugu", na bakuli langu lilijazwa mara mbili.