Punda wa Shangazi

Mwalimu aliyenisimamia chuoni alisoma ukurasa wa kwanza wa pendekezo langu la utafiti, akacheka. "Akili ya punda? Andika juu ya ng'ombe, binti. Punda ni wa kubeba maji."

Nikamjibu kwamba ng'ombe wana watu wengi wa kuwaandikia. Nikapanda basi hadi Choma kwa shangazi yangu, aliyekuwa na punda jike mmoja, ambaye kijiji kizima kilimwita mkaidi.

Kila asubuhi niliweka ndoo mbili zilizofunikwa, zote zikiwa na pumba, ili harufu isimwongoze. Shangazi alisimama katikati na kunyoosha kidole kwenye ndoo moja. Punda aliifuata ile ile, siku baada ya siku. Kisha nikamwomba mume wa shangazi asimame pale pale. Yeye ndiye aliyekuwa akimchapa punda njiani kutoka bwawani. Aliponyoosha kidole, punda alimtazama, akageuka, akaenda zake kwenye kivuli. Alikuwa hajala tangu jana yake.

"Si nimekwambia ni mkaidi?" alisema mume wa shangazi.

"Vaa kitenge cha shangazi, tujaribu tena."

Alikataa, majirani wakamchagiza, akavaa. Punda alinusa kile kitenge, akainua kichwa akamtazama usoni, akaondoka tena. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mume wa shangazi hakucheka. Alibaki amesimama na kile kitenge, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo ananijua?"

"Anakujua."

Sikumwonea huruma.

Niliporudi Tabora, mwalimu alizungushia wino mwekundu neno *anakumbuka*. Alitaka niandike *anaonyesha mwitikio*. Nilikataa. Alinikalisha mwaka mzima bila kunipitisha, na mama akanisihi kwa simu: "Mwanangu, neno moja tu! Lifute umalize." Nikamwambia kwamba nilisimama juani miezi minne nikimtazama mnyama akichagua njaa kuliko mkono uliompiga, na kwamba sitamwita mashine ili mtu fulani ofisini alale vizuri.

Mwaka uliofuata nilipewa msimamizi mwingine, mama mmoja asiyependa maneno mengi. Aliisoma kazi yote, akaniuliza maswali makali kwa saa mbili, hasa kwa nini nilitumia punda mmoja tu. Swali hilo lilikuwa la haki. Nikarudi Choma, nikaongeza wengine sita.

Kazi ilipita. Neno limo, ukurasa wa tatu.