Tulivyomleta Mhandisi hadi Garsen

Tuliondoka Garsen kwa sababu tulichoka kuambiwa kwamba makosa ni yetu. Pikapu ile tuliinunua mpya, mimi na Hawo, viti vyake vikiwa bado na nailoni ya kiwandani. Mimi ni mwanamke Mpokomo wa Wenje, nalima maembe na ndizi kando ya mto. Hawo ni Muorma. Hukusanya maziwa kwa wafugaji wa uwandani na kuyauza sokoni Garsen. Asubuhi gari lilibeba madumu yake, mchana likabeba kreti zangu. Huko nje watu wakisikia Tana River, kaunti yetu, hufikiria ugomvi wa mkulima na mfugaji, na sisi tulikuwa na gari moja lenye majina yetu mawili. Siku tulipoliingiza mjini, akina mama wa sokoni walilipokea kwa vigelegele kama bibi harusi.

Msimu haukuisha kabla halijaanza kutusumbua. Linakwenda vizuri, mara taa ya injini inawaka, nguvu zinakwisha, linajikongoja kidogo kisha linazima. Ukilipumzisha linawaka tena kana kwamba halikufanya kitu. Maziwa ya Hawo yaliharibika njiani. Maembe yangu niliyokuwa nikiyapeleka Bura yalipasukia juani karibu na Chewele, nikayagawa bure kwa wapita njia. Kila tulipolipeleka Malindi, kwenye tawi la kampuni iliyotuuzia, mafundi walichomeka kompyuta yao, wakaifuta ile taa, wakatuoshea gari na kutuambia limepona. Tukianza kubeba mzigo tu, taa inawaka tena.

Mwishowe tukapigiwa simu. Waranti imefutwa, wakasema, kwa sababu gari limepitishwa kwenye maji ya mafuriko na kubebeshwa kupita kiasi. Twende ofisi yao kubwa Mombasa tukatie saini kwamba tumekubali, na matengenezo yote baada ya hapo yatakuwa juu yetu.

Neno la mafuriko ndilo lililoniuma. Mto ulipofurika tuliliegesha gari juu kwenye tuta la lami, tukaliacha hapo. Maembe yangu yalivuka kwa mtumbwi. Hawo na wenzake walibeba maziwa mgongoni, maji yakiwafika magotini, mpaka penye gari. Sisi tulilowa ili lisilowe lenyewe, halafu mtu aliyekaa Mombasa anasema tuliliogesha mtoni!

"Kutia saini, hapana," Hawo aliniambia. "Kwenda, tutakwenda."

Alfajiri ya safari nilimkuta Hawo amesimama kando ya barabara, ameshavaa buibui lake jipya, mkononi kibuyu cha maziwa. Mimi nilishika usukani. Tulipita Minjila kabla maduka hayajafunguliwa, tukaingia ile lami ndefu ya kuelekea kusini ambako unaweza kwenda kitambo bila kuona kitu ila vichaka na digidigi wanaokatiza. Gari lilikuwa tupu, nalo lilikwenda kwa adabu kama mgeni.

"Unaona linavyojifanya?" Hawo akasema. "Likijua linakwenda kwa wenyewe, linakuwa zuri."

Marereni tulisimama kunywa chai. Chungu za chumvi zilikuwa zinang'aa upande wa bahari. Mama muuza mahamri aliliangalia gari letu, akatuuliza la nani. Hawo akajibu, "La sisi wawili." Mama yule alilizunguka, akapapasa ubavu wake, akasema, "Mmefanya vizuri. Mume wangu mimi hata baiskeli hataki niguse." Tulicheka mpaka chai ikapoa. Nilipoliwasha tena niliona kifua kimejaa. Ndiyo, lilikuwa na ugonjwa, lakini lilikuwa letu.

Malindi hatukusimama. Tulipita mbele ya lile tawi la kampuni huku Hawo amegeuza uso upande wa pili.

Mombasa tuliingia alasiri, tukafikia kwa Pendo, binti wa kaka yangu, Kisauni. Alitupikia wali wa nazi na samaki, akatutandikia chumbani kwake. Lakini alipolisikia jambo letu aliingiwa na hofu.

"Shangazi, hao watu wana mawakili," alisema. "Mtapoteza muda. Tieni saini mrudi, mtafute fundi wa mtaani."

"Na tukitia saini, tumekubali kwamba sisi ni waongo," nikamjibu. "Mwanangu, tunaishi mahali ambapo kila mtu anamjua mwenzake. Nitamwambia nini jirani aliyenipa ng'ombe wake niuze ili tulinunue gari?"

Asubuhi Pendo aliamka mapema akatupigia pasi nguo zetu.

Kwenye ofisi ya kampuni kulikuwa na baridi ya kuletwa na mitambo na sakafu ya kujiangalia. Meneja wa huduma, kijana mwenye tai na sauti ya upole, alituita "mama zangu". Alilichukua gari akalizungusha mjini, akarudi akitabasamu.

"Gari ni zima kabisa."

"Ni zima likiwa tupu na kwenye lami," nilisema. "Lipakie mzigo tulioruhusiwa, ulipeleke kwetu, halafu useme."

"Mama, hatuna utaratibu wa kumtuma mtu Garsen kwa sababu ya gari moja. Isitoshe, barabara zenu ni mbovu, na mafuriko—"

"Mliuza gari ya mashamba," Hawo alimkata. "Kwenye picha yenu kule ukutani imepanda mlima wa mawe. Sasa ikija kwetu, barabara ni mbovu?"

Picha ilikuwepo kweli, kubwa kuliko mlango. Meneja hakuiangalia. Alitusogezea ile karatasi na kalamu. Hawo akairudisha mezani taratibu, akaenda kukaa kwenye kochi la wateja, akajitandaza. Nami nikakaa kando yake.

Tulikaa. Wateja waliingia na kutoka. Bwana mmoja aliyekuja kununua pikapu kama yetu iliyoegeshwa mlangoni alimsalimia Hawo, akamuuliza anaionaje. Hawo hakuongeza wala kupunguza. Alimsimulia maziwa yaliyoharibika, taa iliyofutwa, na ile habari ya mafuriko. Bwana yule alishukuru, akasema atafikiria kwanza. Meneja alikuwa amesimama nyuma ya kioo, tai ameilegeza.

Aliyetuondoa pale ni mhandisi wao aliyeitwa Mutua, mtu wa makamo, ovaroli yake safi, kalamu mbili mfukoni. Alikuwa amesikia mazungumzo tangu mwanzo. Alikuja akachuchumaa mbele yetu kama mtu anayezungumza na mama zake.

"Hitilafu yenu inaonekana lini hasa?"

Nikamweleza: mzigo uwepo, barabara iwe ya kurukaruka, na injini iwe imeshapata moto. Akauliza maswali mengine mengi, kwa heshima, akisikiliza kila jibu. Kisha akamgeukia meneja. "Mimi nitakwenda nao. Kama gari lina kosa, afadhali tulijue sisi kabla hatujaambiwa na wengine."

Meneja alikubali kwa sharti moja: hitilafu isipoonekana mbele ya mhandisi, tunatia saini siku hiyohiyo na madai yamekwisha. Nilimtazama Hawo. Hawo akanyoosha mkono, akampa meneja. Makubaliano yakawa hayo.

Safari ya kurudi ilikuwa ya ajabu. Mutua alikaa dirishani, Hawo katikati, mimi kwenye usukani, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliomba gari liharibike. Kilifi, hakuna kitu. Malindi, hakuna. Daraja la Sabaki tukalipita, Gongoni tukaipita, taa imelala. Nilikuwa nikiitazama dashibodi kuliko barabara mpaka Mutua akaniambia, "Mama, nitaitazama mimi. Wewe tupeleke salama." Tuliingia Garsen jua likielekea kutua, gari likinguruma vizuri kuliko siku tuliyolinunua. Kama kesho yake lingetufanyia vilevile, waranti ingekwenda, na gari nalo lingefuata, maana uwezo wa kulitengeneza kila wiki hatukuwa nao.

Mutua alilala nyumbani kwa Hawo. Mume wake, mzee Barisa, alimpokea kwa maziwa ya moto na nyama iliyokaangwa kwa samli. Nilikuwa na wasiwasi kwamba mgeni angetuona watu wa porini, lakini Barisa alikaa wima kwenye mkeka wake akamwambia, "Hapa kwetu mgeni akija na neno gumu, anakula kwanza." Mutua alikula. Aliomba maziwa mara ya pili, na Hawo alinikonyeza.

Asubuhi tulikwenda Wenje kupakia. Wanakijiji walikuwa wamesikia, na shamba langu lilijaa watu kuliko siku ya harusi. Mutua mwenyewe alisimamia mzigo, akihesabu kreti na kukadiria uzito wake, mpaka akaridhika kwamba tuko chini ya kile kilichoruhusiwa. Kisha tukaingia njia ya udongo inayotoka mtoni kwenda barabara kubwa, ile iliyokaushwa na jua ikawa mawimbi matupu. Kreti zililia nyuma. Meno yetu yaligongana.

Tukaenda. Taa imelala. Tukaupita msikiti, tukaipita mifereji ya zamani. Hawo alikuwa ameanza kusoma dua kimyakimya. Barabara kubwa ilishaonekana mbele, nami moyoni nilishaanza kuona ile kalamu ya meneja.

Taa ikawaka.

Gari likakosa nguvu, likatikisika mara moja, likazima katikati ya njia.

Hawo alifungua mlango akaruka nje, akapiga kigelegele kilichowasimamisha ng'ombe. Nikashuka nami nikapiga changu. Wachungaji wawili waliokuwa karibu walitutazama kama wanawake walioingiwa na wazimu: gari limekufa jangwani, wenyewe wanacheza! Mutua naye alicheka mpaka akajishika kiuno. Kisha akaacha kucheka, akafungua boneti, akaanza kazi.

Alishika waya mmoja mmoja, bila haraka. Alikagua kwanza viungio vya umeme, akatuita tuone. Vilikuwa vikavu na safi, bila kutu wala alama ya tope. "Gari hili halikuwahi kuingia maji," alisema kwa sauti, ili kila aliyefika pale asikie. Halafu akalala chali chini ya injini, akatikisa kitu, akaomba nimmulikie kwa simu yangu. Alipotoka alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Njooni muone."

Fungu la nyaya lilikuwa limepitishwa juu ya chuma, mahali ambapo klipu ya kulishikilia haikufungwa. Kila gari lilipobeba mzigo na kurukaruka, nyaya zilisuguana na kile chuma. Mpira wa kuzifunika ulikuwa umelika, shaba inaonekana, na ikigusa chuma injini inapoteza mawasiliano na kuzima. Likitulia, shaba inaachana na chuma, gari linapona.

"Klipu ilianguka njiani?" nilimuuliza.

"Hapana. Tundu lake bado lina rangi ya kiwanda, halijawahi kuguswa na klipu. Gari lilizaliwa hivi." Alifuta mikono. "Hili si kosa lenu, mama. Ni letu."

Alipiga picha, akampigia meneja palepale. Sikusikia maneno ya upande wa pili. Nilimsikia Mutua tu akisema, "Hapana, bwana. Nimeliona kwa macho yangu. Hapana, mzigo ulikuwa halali. Nitaandika hivyo." Alizifunga nyaya kwa utepe na kipande cha mpira tulichompa, na tukafika Garsen maembe yakiwa mazima. Soko lote lilijua kabla hatujaegesha.

Wiki zilizofuata kampuni ilibadilisha fungu zima la nyaya na kuirudisha waranti yetu, ianze upya. Lakini Mutua hakuishia hapo. Aliporudi Mombasa aliyakagua magari mengine yaliyotoka pamoja na letu, akakuta yana kosa lile lile. Basi kampuni ikatuma mafundi Garsen, wakapiga hema kwenye uwanja. Wakaja wenye pikapu kutoka Bura, wakulima wa mpunga na mahindi wa skimu ya umwagiliaji. Akaja mwenye duka wa Hola ambaye alikuwa ameshatia saini miezi mingi nyuma, akalipa mwenyewe, na kujiona mjinga. Naye alirudishiwa haki yake. Meneja alikuja pia. Alivua miwani, akamwomba Hawo na mimi radhi mbele za watu. Hawo alimkaribisha chakula.

Nimejifunza nini? Kwamba mtu anayekuambia kosa ni lako huenda hajawahi kufika unapoishi, na njia ya kumaliza ubishi ni kumleta aone. Hasira haikutusaidia sana. Nilikuwa nayo tele Malindi na haikutengeneza hata taa. Kilichotusaidia ni kukaa pale ofisini bila kuondoka, sisi wawili, na kujua kwamba hatusemi uongo.

Juzi nilipigiwa simu na mwanamke wa Taveta nisiyemfahamu. Ana pikapu ya aina nyingine, ya kampuni nyingine, inamsumbua, na wenyewe wanamwambia anaiendesha vibaya.

"Nimeambiwa kuna mama wa Garsen aliyemtoa mhandisi ofisini," alisema. "Ni wewe?"

Hawo alikuwa kando yangu akifunga madumu. Niliweka simu kwa sauti kubwa ili asikie.

"Tuko wawili," nikamwambia. "Haya, tueleze gari lako linafanyaje."