Dawa Ndani ya Deli la Mama

Shingo yangu ilipovimba, nikawahi kujitania kabla sijataniwa: nikasema ni busha limepotea njia. Darasa zima lilicheka mpaka mwalimu akatutoa nje. Baadaye daktari akasema ni saratani ya matezi. Utani ukaniishia, ila nikajifanya bado ninao.

Dripu za mwanzo zilininyonyoa nywele, matezi yakabaki palepale. Ndipo daktari akataja dawa nyingine, ya kuusaidia mwili upigane wenyewe. Akasema inanata kwenye chembe mbaya ili askari wa mwili wazione na kuzimaliza.

"Kama wale wanaopiga X nyekundu kwenye nyumba za bondeni Msimbazi," nikamwambia, "halafu tingatinga linakuja?"

"Hivyo hivyo, bwana mdogo. Ila ikae baridi, na isigande."

Siku hizi Kariakoo kila kitu ruksa. Ukitaka sufuria za Dubai zipo, ukitaka nywele za kubandika zipo, lakini dawa ile haikuwepo. Aliyetuokoa ni bibi wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mtaani kwetu, mteja wa Mama wa barafu za ukwaju. Mdogo wake alikuwa anatoka India, akaja nayo.

Asubuhi ya kwenda hospitali Mama aliifunga kwenye mfuko, akaipanga ndani ya deli lake, chombo cha kutunzia barafu. Hilo deli la bluu ndilo lililokuwa likinichoma moyo miaka yote, maana ndilo anakaa nalo getini shuleni kwetu, akiuza barafu, mimi napita kama simjui.

"Baridi niachieni mimi," alisema. Akamwaga mapande ya barafu, kisha kwa mazoea akachota chumvi ya mawe akanyunyiza juu, kama kila siku, ili baridi iume na mzigo usiyeyuke njiani. Nilimwona. Sikuwaza lolote. Nilichokuwa nawaza ni kimoja tu: tusikutane na wenzangu.

Tukakutana nao kwenye kona ya mtaa wa Gerezani.

"Mama, nipe ya ukwaju!"

"Leo siuzi, wanangu."

"Kwani umebeba nini?"

Wakanigeukia mimi. "Amebeba maiti," nikasema.

Wakaangua kicheko. Mama akahamishia deli bega la pili, akaendelea kutembea bila kunitazama.

Hospitali, nesi alifungua deli, akatoa kichupa, akakiinamisha. Ndani hakikutikisika kitu.

"Mama, mbona imeganda?"

"Si mlisema baridi?"

"Tulisema isigande. Ikiganda imekufa, siwezi kumtilia mtoto."

Mama akachovya kidole kwenye maji ya deli, akakilamba. "Chumvi," akasema taratibu, kama anajitajia jina la mwizi. Nilitafuta neno la kumchekesha, hata la kipuuzi. Nikakuta kichwani limebaki lile la maiti tu.

Tulirudi kwa miguu mpaka duka la vitambaa. Mama akasimama nje. "Ingia wewe. Mimi sina uso."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wamekutilia?"

"Hapana. Imeganda."

Mkasi wake ukasimama katikati ya kitambaa. "Yote?"

"Yote."

Aliitazama shingo yangu, mimi nikatazama sakafu. "Mdogo wangu anarudi huku baada ya Diwali," alisema mwishowe. "Nitamwomba tena. Mama yako yuko wapi?"

"Nje. Anaona haya."

"Jua lote hili? Mwambie aingie anywe maji."

Mama aliingia kichwa chini, akanywa, akasema ahsante. Diwali ilikuwa mbali, na matezi yangu hayakuwa na kalenda. Tulipotoka nikamnyang'anya deli, nikajitwika. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Maji ya chumvi yalinichuruzikia shingoni.

Kwenye kona wenzangu walikuwa bado wapo.

"Vipi, maiti mmeshazika?"

Mama alikuwa nyuma yangu, alisikia. Nikamsubiri anifikie, tukawapita pamoja.