Gesi, Mkaa na Kifua cha Mama

Dada yangu hajui kudanganya, na kuna siku nilitamani ajifunze. Ni mwalimu wa kemia huko Muheza, na kila mwisho wa wiki huja Tanga kumwona mama. Mama anapika wali wa nazi wa kuuza, watu wa maofisini Raskazone huufuata kwa bajaji, na jiko lake la mkaa ndilo alilotusomeshea sote. Kisha kifua kikaanza kumbana. Akiinua sufuria, anakaa chini. Akianza kusema nawe, kikohozi kinamkata katikati. Daktari alituambia waziwazi: moshi uondoke jikoni, la sivyo mama aache kupika. Sasa wewe nenda kamwambie mama yangu aache kupika.

Nikanunua mtungi wa gesi na jiko lake, nikaja navyo kifua mbele. Maneno ya matangazo nilikuwa nayo yote: gesi ni safi, gesi haina moshi, gesi inaokoa mazingira. Mama alikuwa anaelekea kukubali, ila akamgeukia dada.

"Ati ni safi kweli hiyo? Weye ndiye mwalimu."

Mtu mwingine angesema ndiyo, yakaisha. Dada alikuwa amekaa kwenye mbuzi akikuna nazi. Akaacha kukuna.

"Humu jikoni ni safi kuliko mkaa, mama. Lakini safi kabisa, hapana."

Akaanza somo. Gesi ya mtungi na gesi asilia ni ndugu, mara nyingi hutoka kisima kimoja. Ukitaka kujua imechafua hewa kiasi gani, usitazame mwali wa buluu peke yake, anzia kule kisimani. Kuna mitambo inayounguruma mchana kutwa. Kuna mabomba na maungio yake, na gesi asilia inayovuja kabla ya kuwaka hunasa joto angani kuliko hata ile hewa inayotoka ikishawaka. Baada ya hapo kuna meli, kuna malori, ndipo mtungi ufike kwetu. Vyote hivyo vinajumlishwa.

"Basi," mama akasema, "kama vyote vinachafua, mie nabaki na mkaa wangu niliouzoea."

Nilimvuta dada hadi uani nikamwambia kwamba huo ukweli wake utamzika mama, na siku hiyo asije kulia mbele yangu. Hakupandisha sauti.

"Akikubali kwa uongo, siku akiujua atarudi kwenye mkaa, na hatatusikiliza tena," alisema. "Halafu hesabu yenyewe haijaisha. Gesi tumeifuata tangu kisimani. Mkaa tumeufuata wapi?"

Wiki iliyofuata tulikuwa na harusi ya jamaa huko Maramba. Kabla ya kurudi, dada akamwomba mama tupite shambani kwa jirani wa hao jamaa aliyekuwa anachoma mkaa. Tanuru lilikuwa tuta refu la udongo lenye matundu ubavuni, na kila tundu lilitoa moshi mzito wa rangi ya maziwa yaliyoungua. Kulizunguka kulikuwa na visiki vitupu. Mchoma mkaa alikuja akijifuta uso kwa fulana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Moto huu umeuwasha leo?"

"Leo? Tangu wiki iliyopita. Na mkaa bado haujaiva."

Mama alifunika pua kwa mtandio, akalitazama lile tuta.

"Moshi wote huu," akasema, "na hakuna hata sufuria juu yake!"

Mimi hapo ningetoa hotuba. Dada alimshika mama mkono tu wakarudi njiani. Nilimkubali siku ile, nakiri. Tulipofika nyumbani mama aliniambia nifunge mtungi kwenye lile jiko la gesi.

Ikaja shida ambayo haikuwa kwenye tangazo lolote. Wali wa nazi wa kwetu lazima upaliwe: maji yakikauka, unafunika sufuria na kuweka makaa ya moto juu ya mfuniko, uive juu na chini. Gesi haina kaa. Basi mama akapika kwa gesi, na pembeni, jikoni humohumo, akawasha jiko la mkaa ili apate makaa ya kupalia. Moshi ukarudi pale pale, na kikohozi nacho. Mimi nikaanza kufoka, dada akaninyamazisha.

"Wali usiopaliwa hautamridhisha, na asiporidhika ataitupa gesi. Hilo nalo ni la kuhesabu."

Mama na dada walikaa wakalitafutia dawa. Nazi zinakunwa kila siku na vifuu vinatupwa. Vikawa vinawashwa uani, kwenye upepo, mama akikaa mbali navyo, na vinaingia jikoni vikishakuwa kaa tupu, havitoi tena moshi. Dada hakuacha kumkumbusha kwamba hata moshi wa vifuu upo, ingawa ni mdogo. Mama alicheka, akamwambia kwamba atakayemwoa atapata tabu.

Miezi ikapita. Jumapili moja dada alipalia wali yeye mwenyewe, akazidisha kaa, wali ukaungua juu. Mama akamvaa. Alianza na wali, akaingia kwenye nazi zilizopotea bure, akasema binti huyu hajui kupalia tangu usichana wake na chuo hakikumsaidia kitu, akapitia kwa marehemu bibi ambaye asingekula uchafu kama ule, akarudi tena kwenye wali, kwa pumzi moja, sauti ikifika barabarani. Mimi nilikuwa nangoja kikohozi kimkate. Hakikuja.

Nikamtazama dada. Amesimama na mwiko mkononi, machozi yanamtiririka, anatabasamu.

"Endelea, mama," akasema. "Nigombeze tu."