Esteri na Ukurasa Mwekundu

Pale Kibondo mjini ukiulizia steshenari ya Esteri utaelekezwa, halafu utaonywa. Mwanamke yule hana utani na kompyuta yake. Flashi yako haichomekwi kabla hajaikagua, na linki yako haifunguliwi kabla hajaisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, miwani imemshuka puani. Wateja humnung'unikia, na kesho yake hurudi, maana barua zake hazina makosa na printa yake haitafuni karatasi.

Hakuzaliwa hivyo. Miaka miwili nyuma alikuwa akifungua chochote alicholetewa, mpaka siku mwalimu mmoja alipomletea ukurasa wa kupakua mitihani ya zamani. Kumbe kilichopakuliwa hakikuwa mitihani. Nywila za wateja alikuwa amezihifadhi zote kwenye kompyuta ileile, kwa kuwa wenyewe huzisahau, na wiki nzima barua pepe zao zikawa zinawatapeli ndugu na marafiki zao. Esteri aliwapigia mmoja mmoja kuwaomba radhi, akalia mpaka akachoka. Ndipo Benedicto, mtaalamu wa kompyuta wa halmashauri, alipompachikia kwenye kivinjari kiendelezi cha usalama, kiprogramu kidogo kinachochungulia kila ukurasa kabla haujafunguka. Ukurasa ukiwa na hila, skrini yote hugeuka nyekundu. Esteri akakiita Mlinzi, na aliyetafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Jumanne hiyo, saa tatu asubuhi, aliingia Akimana, vumbi la bodaboda limemjaa hadi kwenye nyusi. Ametoka Nduta, kambi ya wakimbizi. Mama yake na mama yake Esteri walizaliwa tumbo moja kule Burundi. Mama yake Esteri alivuka mpaka mwaka sabini na mbili, akazalia huku, na Esteri leo ni raia mwenye kitambulisho chake. Mama yake Akimana alibaki. Akimana mwenyewe alivuka mwaka 2015, mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Sasa watoto ni watano.

Hakusalimia sawasawa. Alinyoosha simu.

"Mukuru wanje, dada yangu, nifungulie hii kwenye mashine kubwa. Simu yangu inakataa kupandisha picha. Ni kujiandikisha kwenda Kanada, familia nzima. Leo ndiyo mwisho!"

"Nani kakupa?"

"Nathaniel, mwimbishaji wetu. Ameiweka kwenye grupu la kwaya."

Basi hapo, kwa watu wa kwaya, mjadala umekwisha. Kilichotoka kwa mwimbishaji kimetoka madhabahuni. Nani atamuuliza yeye kakipata wapi? Esteri aliinakili ile linki, akabonyeza. Skrini ikawa nyekundu tupu, na maandishi meupe katikati: ukurasa huu ni hatari, huiba taarifa za watu.

"Mlinzi amekataa," alisema Esteri taratibu. "Hawa ni matapeli, mdogo wangu."

"Mwondoe."

Kumwondoa kulikuwa kazi ya kubonyeza mara mbili tu, na hilo ndilo lililomtia Esteri jasho. Mlinzi si malaika. Mwezi wa nane alizuia ukurasa halali kabisa wa chuo kimoja, na binti wa watu nusura akose nafasi. Je, kama leo tena kakosea? Yeye Esteri ndiye atakayekuwa amewafungia mlango watoto watano, na mlango wa namna ile hauji mara mbili.

"Haraka haraka haina baraka," alisema, kwa kukosa neno lingine. "Ngoja niulize watu wa shirika hukohuko kambini."

"Baraka!" Akimana alicheka kicheko kibaya. "Wewe una kitambulisho, una duka, usiku unalala ukijua kesho utakuwa wapi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hutaki tu mimi niende mbali kuliko ulikofika wewe."

Neno lile lilimchoma Esteri. Akimana akanyakua simu yake, akatoka, akavuka barabara moja kwa moja hadi steshenari ya Nestori.

Nestori ni kijana mwema, ila kompyuta yake ni kama nyumba isiyo na mlango. Esteri aliwaacha wateja wawili wakitazamana, akavuka mbio. Alipofika, ukurasa ulishafunguka, mzuri, wa buluu, bendera inapepea pembeni. Juu yake kulikuwa na saa inayohesabu kurudi nyuma: dakika kumi na moja. Akimana alikuwa ameshamtajia Nestori majina ya watoto wote. Sasa ukurasa ulidai picha zao, namba ya karatasi ya familia, ile ya kuchukulia mgawo wa chakula, na chini kabisa, namba ya siri ya simu.

"Namba ya siri ya simu inahusiana nini na Kanada?" aliuliza Esteri.

Akimana alitandaza karatasi ya familia mezani ili isomwe. Esteri hakufikiri, aliinyakua, akaibana kifuani kwa mikono miwili.

"Nipe!"

"Sikupi."

"Nipe, Esteri! Mana yanje, Mungu wangu, dakika tisa!"

Akimana alimshika viganja, akavuta. Kiti kikaanguka.

"Mama zangu, mtanivunjia mashine," alisema Nestori, akiikumbatia skrini. Wapita njia wakaanza kusimama mlangoni. Esteri alisikia kucha zikimwingia, na hakuachia. Zikabaki dakika sita. Akimana akaacha kuvuta, akapiga magoti, na hapo Esteri alikaribia kushindwa kabisa, kwa sababu tangu wafahamiane hajawahi kumwona ndugu yake akimpigia mtu magoti.

"Nakuomba kwa ajili ya mama zetu," alisema Akimana. "Nakuomba."

Zikabaki dakika mbili. Esteri alikuwa akilia, karatasi imelowa jasho, na moyoni hakuwa na hakika hata kidogo. Aliogopa kama mtu anayeua. Ikabaki dakika moja. Akimana aliinamisha uso sakafuni.

Saa ikafika sifuri.

Kisha, bila mtu kugusa kitu, tarakimu zikaruka hadi saa mbili nzima. Zikaanza kuhesabu upya. Bendera ilikuwa bado inapepea, na chini yake bado imeandikwa kwamba leo ndiyo siku ya mwisho.

"Imeanza tena," alisema Nestori kwa mshangao. "Kumbe haina mwisho."

Akimana aliinua kichwa. Alitazama zile tarakimu kwa muda mrefu. Esteri akamrudishia karatasi ya familia. Alitegemea angalau atashusha pumzi, maana namba haikuingia, picha hazikuingia, chakula cha watoto kimesalimika. Akimana aliikunja karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la kitenge. Hakuwa na hasira tena, na Esteri alitamani angekuwa nayo.

"Wameshaaga," alisema.

"Akina nani?"

"Watoto. Jana, shuleni. Ininahazwe amegawa madaftari yake yote kwa wenzake. Amewaambia, kule tunakokwenda nitapewa mapya."

Esteri aligeuka, akatazama ng'ambo ya barabara, dukani kwake, kwenye rafu nzima ya madaftari.