Tembe ya Mama Mwas

Akoth wa kemisti, hapa Kamenu, ana sauti ya kuitia ng'ombe. Mimi nauza maharagwe na mahindi mkabala na duka lake, kwa hiyo namsikia kutwa nzima. Ukimwomba dawa ya kikohozi atakuuliza unakohoa tangu lini, umeshameza nini na nani alikuandikia, na foleni yote nyuma yako imetega masikio. Simpendi, na msitarajie nitaishia kumpenda.

Wazimu wake mkubwa ni mifuko. Kila mwenye presha au sukari lazima abebe dawa zote alizonazo nyumbani, azimwage kwenye kaunta, Akoth azikague moja moja. Wanawake wa kikundi cha maombi cha Maitu, mamangu, wanamchukia kwa hilo. Kwao dawa ni kama chumvi. Yako ikiisha kabla ya siku ya kliniki, unamwendea mwenzako akukopeshe, nawe unamrudishia ukipata. Maitu na Mama Mwas, marafiki tangu wakichuma kahawa usichanani, wamekopeshana tembe za presha miaka na miaka.

Mwaka huu Maitu akaanza kutetemeka. Jasho jembamba lilimtoka asubuhi, maneno yakampotea. Siku moja nilimkuta ameanguka kando ya jiko, uji umemwagika, hata jina langu halijui. Nilijua nimeshampoteza. Hospitalini walimtundikia maji, akazinduka, wakatuambia ni uzee. Wiki iliyofuata akaanguka tena.

Ndipo nilipompeleka kwa Akoth, kwa shingo upande, na mfuko wake. Akoth akazimwaga dawa, akaokota tembe moja ndogo nyeupe, akaigeuza kwenye mwanga asome alama yake.

"Mama, hii si ya pressure. Hii ni ya sukari, na wewe huna sukari! Inashusha sukari ya mwili, ndiyo inakuangusha. Nani amekupea?"

Maitu hajui kudanganya. "Ni Mama Mwas alinirudishia."

"Kumbe huyo Mama Mwas ako na sukari?"

Foleni nzima ilisikia. Hakuna aliyekuwa anajua. Mama Mwas ndiye anayeongoza mfungo wa kikundi, na alijua wakigundua ana sukari, ugonjwa usioruhusu kufunga, watampa mwingine nafasi hiyo. Kwa hiyo alikuwa akitupa pakiti zote na kuzichanganya tembe zake katika mkebe mmoja wa majani chai, mgeni asitambue kitu. Siku ya kumrudishia Maitu, alitia mkono mkebeni akakosea, akachota na za sukari.

Jioni hiyo akaja kwetu. Hakukaa.

"Ngendo, umenianika," akamwambia Maitu.

"Nilikuwa nakufa, Nyina wa Mwas."

"Si ungekuja kwangu kwanza? Ni lazima ungenitaja mbele ya watu?"

Nilimwambia nusura aniulie mama. Akanitazama kana kwamba mimi ni mtoto niliyemtapikia nguo, akaondoka.

Asubuhi nilivuka barabara nikamfokea Akoth mpaka wateja wakatoka. Nilimwambia angeweza kushusha sauti.

"Niliona mtu anakufa, Becky. Sikukumbuka sauti."

"Basi kumbuka!"

Hakuomba msamaha. Kikundi kizima hakinunui tena kwake, na Mama Mwas hufuata dawa zake mpaka Ruiru, asikojulikana. Mfungo sasa unaongozwa na mwingine. Akoth bado anamwagisha watu mifuko, bado anapiga kelele, na akija kununua maharagwe kwangu nampimia bila neno.

Maitu hajaanguka tena. Lakini kikundi kilihamisha maombi kutoka kwetu, na Mama Mwas akimwona njiani huvuka upande wa pili. Jana nilimkuta Maitu ameshika tembe yake kiganjani, maji yako tayari, hamezi.

"Yule mwanamke angenyamaza, ingekuwaje?" akaniuliza.

"Ungekufa, Maitu."

"Ningekufa nikiwa na rafiki," akasema, akaimeza.